Pikipiki Iliyopashwa Moto Sebuleni

Mimi si mvivu, na naomba hilo lijulikane kabla sijasema lingine. Kila alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anajikohoza, mimi nilikuwa nimeshaamka. Mama anasambaza mikate madukani kwa pikipiki, na pikipiki yenyewe ni kuukuu, ina hasira za asubuhi. Ukiipanda kabla injini haijapata moto, inakuzimikia katikati ya mlima na makreti ya mikate yako nyuma.

Kuipasha moto ilikuwa kazi yangu. Usiku pikipiki ililala sebuleni kwa kuogopa wezi. Alfajiri niliisukuma nje, nikavuta choki, kile kishikio kidogo kinachosaidia injini baridi kuwaka, nikapiga kiki, kisha nikaiacha ingurume taratibu mpaka mama amalize kuoga. Kwa ajili hiyo mama aliniita Fundi. Kichwa kilivimba, nisiseme uongo.

Mama alikuwa na sheria moja. "Pikipiki haiwashwi ndani. Hata siku moja!"

Sikumwuliza kwa nini. Nilijijibu mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya kelele, tusimwamshe bibi. Bibi, mama yake mama, alilala katika chumba kilichopakana na sebule, chenye pazia badala ya mlango.

Basi, Alhamisi moja mvua zikaanza, na hazikuwa za mchezo. Nililowa chapachapa nikiwa nimesimama kando ya pikipiki. Hapohapo fundi cherehani, jirani yetu, akafungua dirisha.

"We mtoto! Kelele gani hizi? Wengine tumeshona sare za watu hadi usiku wa manane!"

"Samahani, shikamoo," nikasema, maji yakinitiririka hadi kwenye soksi.

Nikaanza kujiona nina akili kuliko mama. Bibi hasikii vizuri. Redio ikipigwa hadi madirisha yatetemeke, yeye anasinzia tu. Sasa hizo kelele zitamdhuru nini? Ijumaa nikaiwasha pikipiki palepale sebuleni. Nilifunga mlango wa mbele ili mvua isiingie na fundi cherehani alale, nikaurudishia na ule wa nyuma, nikaenda zangu jiko la uani kuchemsha chai. Mama alikuwa kwenye bafu la uani, na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Alichosikia ni mngurumo tu. Alipotoka, pikipiki ilikuwa tayari iko nje.

"Leo hukulowa, Fundi?"

"Nilijifunika turubai la mikate, mama."

Uongo huo ulitoka mdomoni bila kukwama popote.

Ijumaa hiyo bibi alilalamika kichwa. Jumamosi kichwa tena, na safari hii na kichefuchefu. "Ni presha hiyo, mama," mama alimwambia, akampa vidonge vyake. Jumapili mikate haisambazwi, kwa hiyo pikipiki haikuwashwa. Bibi aliamka mzima kama kigori, akanitania kwamba nakula kama mtu anayehama kesho.

Jumatatu mvua ilizidi. Mkaa ulikuwa umelowa, nikaupuliza na kuupuliza mpaka macho yakatoa machozi, na muda wote huo pikipiki inanguruma sebuleni. Chai ilipochemka, nikambebea bibi kikombe chake. Nilipoingia kichwa changu kikazunguka kidogo, nikadhani ni njaa. Nikafunua pazia.

Bibi alikuwa sakafuni. Mkono mmoja umeshika mguu wa kitanda, mdomo wazi, macho yamefumba.

Kikombe kikaniponyoka. "Bibi! Bibi wee!" Nilipiga yowe ambalo hadi leo siamini lilikuwa langu. Halafu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kabla mama hajafika, niliruka sebuleni nikazima pikipiki. Bibi yangu amelala chini kama nguo, na mimi naficha kosa!

Mama aliingia na povu la sabuni shingoni, akaipita pikipiki bila hata kuitazama. Fundi cherehani naye akaja mbio, utepe wa kupimia ukining'inia kifuani. Walimbeba bibi wakamtoa nje, mvua ikampiga usoni, akakoroma kidogo lakini hakuamka. Bajaji ikasimamishwa. Njia nzima mama alikuwa akisema, "Mama, usiniache. Mama, nakuomba usiniache." Sikuwahi kumwona mama yangu akilia.

Pale zahanati daktari, mama mmoja mwenye miwani, alimpima bibi haraka haraka.

"Ana historia yoyote?"

"Presha, daktari. Siku hizi kichwa kinamsumbua."

"Inaweza kuwa kiharusi. Itabidi tumpeleke hospitali kubwa." Kisha akasita. "Kichwa kilianza lini?"

"Ijumaa. Jumamosi pia."

"Na jana?"

"Jana alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anataniana na mjukuu wake."

Daktari akavua miwani. "Mzima kabisa? Hebu niambie, mama. Ndani mnawasha mkaa? Jenereta?"

"Hapana! Jiko letu liko uani. Ndani hakuna moto wowote, nakuapia."

Ijumaa, Jumamosi, kisha Jumapili hakuna. Nilizihesabu siku hizo tena, na kila nilipozihesabu jibu lilikuwa lilelile. Mama alikuwa anaapa kwa sababu yangu, na daktari alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Nilijua nikifungua mdomo, jina la Fundi litakufa siku hiyo. Nikamtazama bibi. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kama anayetafuta neno.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyegeuka, nikarudia kwa nguvu. "Ni mimi! Niliwasha pikipiki ndani! Nilifunga milango. Ijumaa, Jumamosi na leo. Leo ilinguruma muda mrefu."

Mama alinigeukia. Hakunipiga wala hakunikaripia. Alinitazama tu kama mtu asiyenijua, na nikatamani angenipiga.

"Oksijeni! Haraka!" daktari akamwita muuguzi, akaichana ile barua. Bibi akavishwa kifuniko puani na mdomoni. Mtungi ukaanza kutoa sauti, sss, sss. Kisha daktari akanipima na mimi, akanisogelea. "Moshi wa injini una hewa ya sumu. Huioni na hainuki. Katika chumba kilichofungwa inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, mtu anazimia usingizini. Kama ungeendelea kunyamaza, tungekuwa tunatibu kiharusi ambacho hana."

Tulikaa pale kwenye benchi muda mrefu. Jua lilikuwa limeshapanda bibi alipofumbua macho. Alikipapasa kile kifuniko.

"Nani kanifunga mdomo?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza. "Mmechoka na maneno yangu?"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilianguka miguuni pa kitanda nikaomba radhi, maneno yakigongana. Nilimwambia yote, pamoja na lile turubai la uongo na jinsi nilivyokimbilia kuzima pikipiki kabla ya kumwinua.

Bibi akasema, "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe, mjukuu wangu, uliyaficha ya kwako, na aliyekaribia kuumbuliwa ni mimi!"

Nikafuta machozi kwa ukosi wa shati.

"Na mimi nina kosa," mama akasema, akinishika bega. "Nilikupa sheria bila kukupa sababu yake. Kuanzia leo nitakueleza kwa nini. Na wewe, usipojua kwa nini, uliza. Usijijibu mwenyewe. Ukikosea, sema hapohapo, hata kama unatetemeka. Leo ukweli wako umechelewa, lakini umemrudisha mama yangu."

Bibi alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Alfajiri iliyofuata mvua ilikuwa bado inanyesha. Niliisukuma pikipiki hadi nje, mbali kidogo na mlango, nikavuta choki, nikapiga kiki. Nilisubiri kulowa, lakini sikulowa. Nilipogeuka, bibi alikuwa nyuma yangu amejitanda kanga mbili, ameninyooshea mwavuli kichwani.

Dirisha la fundi cherehani likafunguka kwa kishindo. "We mto..." Akamwona bibi. "Shikamoo, bibi," akasema, akalifunga taratibu.

"Bibi, rudi ndani, utaumwa na baridi."

"Nirudi ndani tena?" bibi akacheka, akiegemeza mkono kwenye kiti cha pikipiki kilichokuwa kikitetemeka. "Iache ingurume, mjukuu wangu. Ikinguruma huku nje, najua na mimi nitaamka."