Shemeji Alimpa Mama Maji ya Kiwanda Anywe

Niliipiga glasi mkononi mwa mama yangu, ikaruka na kupasuka sakafuni...

Mbele ya maofisa wa mazingira. Mbele ya dada yangu. Mbele ya wafanyakazi wote wa kiwanda cha kutia vitambaa rangi.

Mama akanizaba kofi. Ndugu zangu, kofi la mama ukiwa mtu mzima lina moto wake!

Ngojeni niwaeleze, halafu mnihukumu.

Mimi ndiye mchoma taka wa hospitali. Sindano, mirija, bandeji zenye damu, vyote vinaishia kwenye tanuru langu na kubaki majivu. Nikaja kugundua kuwa majivu hayo yananasa rangi kwenye maji machafu ya kiwandani. Nikamwonyesha shemeji, mume wa dada, mwenye kiwanda.

Nikamsisitiza: majivu yana metali zenye sumu. Yaoshwe kwanza, yachanganywe na saruji, yafinyangwe vidonge, vikauke vikawa vigumu. Ndipo upitishe maji. Na hata hapo, maji ni ya kumwaga, si ya kunywa.

Akaitikia "sawa shemeji" kama mtu mwenye akili zake.

Siku ya ukaguzi nafika, mifuko ya saruji haijafunguliwa hata mmoja! Majivu makavu yamemwagwa tangini hivihivi. Maji yametoka meupe pe, na shemeji anawaambia maofisa huo ni ubunifu wake. Wakiridhika tu, bomba linafunguliwa kwenye mfereji ambao watu wa bondeni wanafulia na kumwagilia mboga.

Kunogesha maonyesho, akamkabidhi mama glasi ya maji, eti ya tangini. Mama akaipeleka mdomoni...

Nikairukia.

Dada akaniita mchawi. Shemeji akatabasamu, akawaomba maofisa wanisamehe, eti wivu unanisumbua. Damu ilinichemka.

Mama, kwa aibu niliyomtia, akachukua kikombe akaenda mwenyewe kukinga kwenye tangi. Alitaka kumsafisha mkwe wake mbele ya watu.

"Mkwe wangu hawezi kunidhuru," akasema, akainua kikombe.

"Mama, usinywe hayo!"

Aliyepiga kelele hakuwa mimi. Alikuwa shemeji.

Wote tukamgeukia.

Ofisa akamuuliza kwa nini. Shemeji akakiri. Ile glasi ya kwanza ilikuwa na maji ya dukani.

Alijua. Alijua tangu mwanzo!

Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Mimi umenionea huruma," akamwambia. "Na wale wa bondeni, wao si mama za watu?"

Siku ileile maofisa wakapiga marufuku bomba kufunguliwa. Dada hanisemeshi mpaka leo, na mimi hasira haijanitoka.

Jamani, maji kuwa meupe si kuwa safi. Mtu akikusifia kitu sana, mwambie aanze yeye.