Chakula cha Jamali Kilikwenda Wapi?

Hija alikuwa fundi cherehani huko Chang'ombe. Mwaka 1993 nguo za mitumba zilijaa sokoni. Kazi yake ilikuwa kuzipunguza ziwaenee wanunuzi. Mwaka huo alipunguza pia suruali za mumewe. Alizipunguza mara mbili.

Mumewe, Jamali, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikohoa wiki sita. Jioni homa ilimpanda, na jasho likalowesha shuka. Alipokwenda zahanati, walimpima makohozi. Alikuwa na kifua kikuu.

Akaanza matibabu: vidonge na sindano kila siku. Hija akampikia samaki, maharage na uji wa asubuhi. Baada ya wiki mbili Jamali alipimwa uzito. Ulikuwa umepungua tena.

"Basi mie siendi tena," alisema. "Sindano zile ndizo zinazonimaliza."

Hija aliogopa. Chakula alikipika mwenyewe, na alikiona kikiliwa. Kilikuwa kikienda wapi? Au kuna mkono wa mtu? Akatoka mbio kumwita jirani yao Genoveva, ambaye alikuwa muuguzi.

Genoveva alikaa mkekani, akamsikiliza Jamali mpaka mwisho.

"Pole, shemeji," alisema. "Lakini dawa hazikumalizi. Kwenye damu yako kuna chembe nyeupe. Hao ni askari wa mwili. Siku za amani hutumia taratibu sukari inayotoka kwenye chakula, pamoja na hewa unayovuta. Sukari kidogo huwapa nguvu nyingi. Vijidudu vya kifua kikuu vikiingia, askari hubadili ulaji wao. Huimaliza sukari haraka haraka. Wanapata nguvu upesi, lakini nguvu nyingi za sukari hiyo zinapotea bure."

"Kama kupikia makaratasi badala ya mkaa?" Hija aliuliza.

"Ehe! Moto unawaka sana, lakini kila saa unatia tena. Na homa nayo inakula. Chakula kisipotosha, mwili unachukua nyama yake wenyewe."

Jamali alijitazama mikono. "Sasa kama askari wanapigana hivyo, dawa za nini?"

"Kwa sababu vijidudu hivi ni wajanja. Vinajificha ndani ya askari haohao. Dawa ndizo zinaviua. Ukiacha leo, vitarudi vikiwa sugu. Kula mara nyingi, hata kidogo kidogo. Fungua madirisha, ziba mdomo ukikohoa. Na mtoto wenu mpelekeni zahanati apimwe."

Jamali alivuta pumzi. "Haya, dada. Kesho nitakwenda."

Kesho yake alikwenda, na keshokutwa. Mtoto wao, Najat, alipimwa, akaonekana mzima. Mwezi wa pili homa ilikoma na Jamali akaongeza kilo tatu. Sindano zikaisha. Alijisikia mzima kabisa, lakini aliendelea kumeza vidonge mpaka miezi minane ikatimia.

Siku ya mwisho walikwenda zahanati pamoja. Mhudumu alisoma majibu. "Makohozi ni safi. Umepona, kaka."

"Hebu sema tena," alisema Jamali.

"Umepona."

Hija alitoka nje, akaegemea ukuta, machozi yakamtiririka. Jamali akamfuata.

"Mama Najat, unalia nini, nami nimeshapona?"

"Niache nilie," Hija alisema huku akicheka. "Miezi yote hii sikupata nafasi."