Vikombe Vinane vya Maji ya Mfereji

Kila asubuhi, mama yake akishakamua ng'ombe, Sukayna alibeba mtungi wa maziwa hadi mjini Baghdad, kwa Bibi Rayta, mjane wa mpima mashamba. Mtungi ulichukua vikombe ishirini kamili. Akishapokea maziwa, Bibi Rayta alimfundisha hesabu.

Siku moja punda alimpiga kikumbo karibu na mfereji wa watengeneza ngozi, baadhi ya maziwa yakamwagika. Sukayna aliogopa kuitwa mzembe. Akatazama huku na huku, akachota maji ya mfereji vikombe vinane, akajazia. Yalinuka kama yai viza. Unyoya wa mbuzi ukaelea juu ya maziwa. Akautoa kwa ukucha.

Bibi Rayta alinusa mtungi, akakunja uso kama aliyekanyaga kinyesi.

"Mh! Maziwa gani haya?"

"Ng'ombe kala majani mabaya, Bibi."

"Majani, eh? Haya, tupime. Leo ndilo somo letu."

Kikombe cha maziwa safi kilikuwa na uzito wa vijiwe thelathini na kimoja vya mizani. Cha maji, thelathini. Bibi alipima maziwa yote: vijiwe mia sita kumi na viwili.

"Yangekuwa maziwa matupu, vikombe ishirini vingefika vijiwe vingapi?"

"Mia sita na ishirini," Sukayna alijibu kwa sauti ndogo.

"Na kila kikombe cha maji kinapunguza kijiwe kimoja. Vikombe vya maji hatuvijui idadi, basi idadi hiyo tuiite 'kitu'. Andika."

Sukayna aliandika kwa kidole kwenye ubao ulionyunyiziwa vumbi: mia sita na ishirini, kutoa kitu, ni sawa na mia sita kumi na mbili.

"Kirudishe kilichotolewa. Pande zote mbili, usipendelee."

Mia sita na ishirini ikawa sawa na mia sita kumi na mbili, kujumlisha kitu.

"Sasa punguza mia sita kumi na mbili huku na huku. Kitu ni ngapi?"

Kidole cha Sukayna kiliandika jibu. Nane. Mikono ikamnuka upya, kana kwamba bado imo mferejini.

Wakati huo mjukuu wa Bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza apone kuhara, alichovya kikombe mtungini na kukipeleka mdomoni.

"Usinywe!" Sukayna alikipiga kikombe kikaanguka. "Nimetia maji ya mfereji wa ngozi!" Akakimbilia mlangoni, akatapika.

"Puu!" Bibi alitema mate. "Maji ya mikojo na ngozi mbichi, umletee mtoto wangu!"

Maziwa yalimwagwa shimoni. Paka akayanusa, akaenda zake. Nyumbani, mama yake alimgombeza, kisha akamwamuru ausugue mtungi kwa majivu na maji ya moto mara tatu.

Kesho yake Bibi Rayta alipima tena: mia sita na ishirini kamili. Akampakata mjukuu wake, akamtazama Sukayna.

"Ungeniambia yamemwagika, ningepokea vikombe kumi na viwili na kushukuru. Kumwaga ni ajali, mwanangu. Kujazia ulikusudia. Mizani ikikosa kuuona uongo wako, tumbo la mtoto litauona."