Ngoja Nimshike Kwanza

"Nyote nyuma yangu! Hakuna mtu anagusa kitu kabla niseme!"

Kemboi aliganda mlangoni, mfuko wa samaki wa Naivasha ukimning'inia mkononi. Sauti ilitoka ndani ya nyumba ya mchumba wake, Jepleting, pale Kiamunyi, Nakuru, lakini haikuwa sauti aliyoijua. Jepleting wake huongea kama mtu aliyechelewa kanisani. Hotelini akiulizwa atakula nini, Kemboi ndiye humjibia. Kwa mama mkwe akiulizwa habari za agrovet, duka la dawa za mifugo anakofanya kazi, Kemboi tena ndiye hueleza, na msichana hubaki kuangalia vidole vyake. Sasa huyu anayetoa amri kama chifu ni nani?

Kisha mwanaume akacheka humo ndani. Akacheka kwa raha zake zote.

"Sasa hivyo, Jep! Hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi?"

Jep! Mwanaume gani huyo anayemkatia jina mchumba wa watu? Kemboi akagonga mlango kwa ngumi. Ndani kukanyamaza ghafla, na kimya hicho kikamuuma kuliko kicheko.

"Kemboi?" Jepleting alifungua huku akihema. "Hukusema unakuja."

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu."

"Nimesikia mwanaume."

"Ni gemu." Akaonyesha laptop mezani. "Tunacheza kikundi, kila mtu akiwa kwake. Huyo ni Gurpreet, ako na duka la hardware hapa town. Yeye ndio anatuongoza. Wamenipa kazi ya tank."

"Tank ya maji?"

"Zii! Tank ni yule anasimama mbele. Dubwana akija, ananipiga mimi, ndio wengine wapate nafasi ya kummaliza. Bado mimi ni mgeni, naogopa sana, lakini..."

"Wewe? Usimame mbele?" Kemboi akaangua kicheko. "Wewe hata kuku wa jirani anakutisha!"

Uso wa Jepleting ukajifunga. Akakunja laptop, akachukua samaki, akaingia jikoni.

Simu yake aliyoiacha kwenye kiti ikawaka. Kemboi hakuishika, hapana. Aliinamia tu.

"Gurpreet: Jumamosi saa kumi jioni. Usiogope, tuko nyuma yako. Umebadilika sana siku hizi, na nimefurahi."

Amefurahi! Kemboi alimla samaki yule bila kujua ana chumvi au hana. Mwezi uliofuata wazee wa kwao walikuwa waende Ndabibi, kwa wazazi wa Jepleting, kufanya koito, ile siku familia mbili hukaa pamoja na msichana huulizwa mbele ya wote kama amekubali. Ng'ombe walikuwa wameshachaguliwa. Na yeye ndiyo kwanza anagundua kwamba hamjui anayemuoa.

Aliporudi Olkaria, kwenye kazi yake ya ufundi wa mabomba ya mvuke, dada yake Cheruto akampigia.

"Kemboi, huyo msichana wako siku hizi ananijibu."

"Anakujibu vipi?"

"Nimemwambia nguo ya koito ni ile nimechagua. Akaniambia, 'Hapana, asante, nimeshachagua yangu.' Hapana! Jepleting!"

"Alisema hapana?"

"Na hakutetemeka. Nakwambia kuna mtu anamjaza kichwa. Chunguza kabla wazee hawajapanda gari."

Kemboi hakuhitaji kusukumwa mara mbili. Jioni hiyo hiyo aliketi chumbani kwake, akaiweka ile gemu kwenye laptop, akajipa jina la Sitati ili aonekane mtu wa Bungoma. Akaomba kujiunga na kikundi cha Gurpreet. Walikuwa wanakosa daktari, yule anayesimama nyuma na kuwatibu wanaoumizwa, tank hasa. Akaichukua kazi hiyo bila kuijua. Wengine waliongea kwa sauti, yeye akaandika tu: "Maiki yangu imeharibika."

Mwanaume mzima, fundi wa mabomba, akawa jasusi kwenye gemu.

Jumamosi ya kwanza alitega masikio kusubiri mapenzi. Alichosikia ni kelele za vita na Jepleting akilia samahani.

"Samahani jamani. Nimechelewa. Samahani."

"Jep," Gurpreet alisema, "tank haombi samahani. Ukisita, sisi wote tunasita nyuma yako. Ingia tena."

"Na nikikosea?"

"Tutakufa, tutarudi. Kwani kuna mtu atazikwa?"

Mwanamke mmoja wa kikundi, Jasleen, mrusha mishale, akacheka. "Enda tu, my dear. Mimi nilikufa mwaka mzima."

Wakaingia tena, wakafa tena. Kemboi hakusikia hata neno moja la mapenzi, lakini moyo wenye shaka haushibi. Akajiambia kwamba huyu Gurpreet ni mjanja, anajificha hadharani.

Jumamosi iliyofuata, wakijiandaa, shaka yake ikapata chakula.

"Jep," Gurpreet aliuliza, "umemwambia Kemboi ile kitu?"

Jepleting akashusha sauti. "Bado."

"Mwambie kabla ya koito. Baadaye itakuwa ngumu."

"Naogopa, Gurpreet. Nikimwambia, anaweza kuniacha."

Ile kitu! Kitu gani ambacho muuza misumari anakijua, na mchumba hakijui? Mimba? Mume mwingine?

"Sawa, kazi," Gurpreet akasema. "Tank, uko tayari?"

Jepleting hakujibu mara moja. Na Kemboi, akili ikiwa kwingine kabisa, vidole vikaandika vyenyewe: "Yuko tayari."

Wote wakaingia. Dubwana akamparua Jepleting begani, mkwaruzo mdogo tu, na Kemboi akammiminia dawa zote alizokuwa nazo. Dubwana akageuza kichwa, akamwacha Jepleting, akamrukia Sitati, akamla. Wengine nao wakaliwa.

Gemu ikawarudisha wote mwanzo.

"Sitati," Jepleting alisema taratibu. "Swali niliulizwa mimi."

Akaandika: "Pole. Nilitaka tu kusaidia."

"Na mbona unanitibu mapema hivyo? Dubwana bado hajanizoea, anakuona wewe ndio msumbufu, anakuja kukumaliza. Ngoja nimshike kwanza. Nikishamshika akawa ananiona mimi tu, hata akinipiga aje, nitibu."

"Lakini nimekuona ukipigwa."

"Kupigwa ndio kazi yangu, Sitati. Kunyamaza ndio sio kazi yangu."

Tangu siku hiyo Jepleting akawa mtu mwingine. Hakuomba samahani tena. Alihesabu kwa sauti, akasema "ingieni", na wote wakaingia. Kemboi alimsikiliza kwa fahari iliyomshangaza, na papo hapo kwa wivu uliomchoma, maana ujasiri ule hakuuleta yeye. Wiki moja kabla ya koito akashindwa kuvumilia. Akamwandikia kwa siri, wengine wasione.

"Sitati: Dada, ile kitu inakusumbua, niambie mimi. Uko Nakuru? Tukutane tunywe chai."

Akangoja, akiomba Mungu amkatalie. Jibu likaja.

"Jepleting: Sawa. Jumapili baada ya kanisa. Ile hoteli ya bustani, Milimani."

Amekubali! Kukutana na mwanaume asiyemjua, wiki ya koito! Kemboi hakulala vizuri mpaka Jumapili. Akaomba ruhusa kazini, akavaa shati jeupe, akapanga maneno yote atakayomwambia akimfumania. Alifika bustanini akiwa ameyakariri.

Jepleting alikuwa amekaa peke yake chini ya mwavuli. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja hakina sukari, kama Kemboi anavyopenda.

"Kaa, Sitati," akasema.

Maneno yote aliyokariri yakayeyuka. Kemboi akakaa.

"Ulijua?"

"Tangu ile siku uliandika 'Yuko tayari'. Dunia yote hii, ni mtu mmoja tu ananijibia maswali yangu kabla sijafungua mdomo. Halafu ukanitibu kwa mkwaruzo. Nikasema, huyu ni wangu."

"Na mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utafika wapi. Umefika hapa."

"Usinigeuzie, Jepleting. Gurpreet ni nani wako?"

"Ni bwana ya Jasleen. Yule wa mishale. Wanakaa nyumba moja, wanacheza vyumba viwili. Kemboi, umemtibu bibi yake mwezi mzima!"

Kemboi akainamia chai. Hata hivyo kiporo cha shaka kilikuwa bado kimebaki.

"Na ile kitu?"

"Ile kitu ni wewe." Macho ya Jepleting yakajaa machozi, lakini sauti haikuyumba. "Sijui kama naweza kuolewa na mtu ananiongelea kila mahali. Nakupenda, na nikiwa na wewe nakuwa mdogo, mdogo, mpaka siku moja nitaisha. Nikaogopa kukuambia. Nikaenda kujifunza kusema kule, kwa sababu dubwana wa gemu akikupiga, kidonda hakibaki."

Mhudumu akasogea. "Niwaletee nini ya kukula?"

"Yeye atachuku..." Kemboi akaanza, kisha akafunga mdomo kama mtu aliyeungua.

Jepleting akamgeukia mhudumu. "Nataka samosa mbili, zikiwa moto. Yeye muulize mwenyewe."

Mhudumu alipoondoka, Kemboi akamshika mkono. "Nisamehe. Niliogopa kukupoteza."

"Unajua nini imeniuma? Tank hawezi kugeuka, Kemboi. Akigeuka kuangalia nani yuko nyuma, amekwisha. Lazima aamini. Na mimi nyuma yangu kulikuwa na mtu ananipeleleza, na mtu huyo ni wewe."

Kemboi akauachia mkono wake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Sasa koito?" akauliza mwishowe.

"Njooni. Wazee wamealikwa, siwezi kuwaaibisha njiani. Wakiniuliza, nitajibu mwenyewe. Jibu bado sina. Usinipigie simu mpaka siku hiyo."

Hakumpigia. Aliandika jumbe, akazifuta. Aliandika nyingine ndefu za kutubu, akazifuta pia. Cheruto alimuuliza alichogundua, akamwambia, "Nimegundua mimi ndio shida," na Cheruto akafikiri ni mzaha.

Siku ya koito, sebule ya Ndabibi ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Maombi yakafanywa, vikombe vya mursik, maziwa ya mala, vikapita. Kisha Jepleting akaingia na wenzake, amevaa nguo ya buluu aliyoichagua mwenyewe. Baba yake mdogo, mzee Kiprugut, akasimama na fimbo yake.

"Jepleting, binti yetu. Hawa watu wamekuja wakisema unawajua. Unawajua? Na huyu kijana, umemkubali?"

Jepleting akainama, akatazama vidole vyake. Mtu mmoja akakohoa. Mama yake Kemboi akaanza kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Cheruto akamfinya kaka yake. "Sema kitu! Si kila siku unamsaidia?"

Kemboi akasaga meno. Jibu zuri lilikuwa kwenye ulimi wake, limepangwa, lingewafurahisha wazee wote. Akalimeza.

Mzee Kiprugut akageuka. "Kijana, binti ameona haya. Hebu tusaidie. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Hapo watu wote wakamtazama. Kemboi akainuka. Aliona waziwazi kwamba akijibu, shughuli itaisha kwa vigelegele, na asipojibu huenda akarudi nyumbani bila mke.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Swali si langu. Naomba tumngoje."

Minong'ono ikapita sebuleni. Wazee wa kwao wakamkazia macho. Kemboi akakaa, mikono katikati ya magoti, akangoja.

Jepleting akainua kichwa.

"Nawajua, baba mdogo," akasema, na sauti yake ikafika mpaka kwa waliokaa ngazini. "Mama huyu ananipenda. Huyu Cheruto anapenda kunichagulia nguo, na tutazoeana. Na huyu Kemboi alinikosea, anajua. Alikuwa hawezi kungoja nijibu mwenyewe. Leo mmemwona amengoja mbele yenu wote, hata mlipomsukuma. Nimemkubali. Na nimesema mwenyewe, mtu asije kusema nilisemewa."

Mzee Kiprugut akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Huyu ndiye yule tulikuwa tunaita bubu?"

Vigelegele vikapasua paa. Cheruto ndiye aliyepiga vya juu zaidi, pengine ili isahaulike habari ya nguo. Kemboi alijifuta machozi kwa mkono wa shati na hakujali nani anamwona.

Wakati wa chakula Jepleting alipita akigawa mursik. Alipofika kwa Kemboi akainama kummiminia, mdomo karibu na sikio lake.

"Jumamosi ijayo, saa kumi. Gurpreet anasema hawana daktari mwingine."

"Nitakuja," Kemboi akanong'ona.

"Na hilo jina la Sitati ulitoe. Weka lako. Nikisimama mbele, nataka kujua ni nani yuko nyuma yangu."