Siku za Mvua Hazikuhesabiwa

Jumatatu, saa tisa alasiri. Majengo, Meru.

Chumba cha nyuma cha bucha ya Kaburu kilikuwa na friza moja, gogo la kukatia nyama na mlango mmoja. Mlango huo Kobia alikuwa ameuegemea. Wawira alisimama mbele ya ubao wa bei, chaki mkononi, utadhani yuko darasani. Ila darasani mtu akichoka huomba ruhusa akatoka.

"Anza, mwalimu," Kaburu alisema.

Kaburu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mwenye bucha, mwenye kanta, lori dogo la kubeba nyama, mwenye watu. Mwaka jana vijana wake wawili walivamia duka kwa kubahatisha, wananchi wakawamaliza kwa mawe. Tangu hapo akaapa hagusi kazi bila hesabu. Na hesabu alijua pa kuipata, kwa sababu dereva wake Nyaga alikuwa na mdomo. Nyaga alijigamba kuwa dada yake anafundisha takwimu za biashara katika chuo kimoja huko Embu. Kabla wiki haijaisha Kaburu alifunga safari, akamngoja Wawira nje ya darasa, akamwambia kwa upole kabisa: kaka yako anakula kwangu na analala kwangu. Nisaidie kazi moja, nimwachilie arudi nyumbani. Ukikataa, sijui atalala wapi.

Hivyo ndivyo Wawira alivyoingia kwenye genge. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Kazi yenyewe ilikuwa kahawa. Kiwanda cha wakulima kule juu ya Runyenjes, stoo imejaa magunia ya kahawa kavu yanayongoja lori la Nairobi. Usiku stoo hulindwa na askari wenye bunduki. Mchana yuko mzee Njura peke yake na rungu lake. Kwa hivyo ni mchana. Na kanta ya nyama hakuna polisi huisimamisha. Nani anataka kupekua matumbo ya ng'ombe?

Kobia alikuwa ameenda kuchungulia kiwanda siku kumi, akijifanya bodaboda anayengoja wateja. Kila siku aliangalia mambo mawili: kama gari la polisi limepita, na kama kuna watu wengi. Sasa Wawira aliyaweka ubaoni.

"Polisi walipita siku mbili katika kumi. Watu walijaa siku tatu katika kumi," alisema. "Kuwakosa polisi ni nane kwa kumi. Kuwakosa watu ni saba kwa kumi. Ukitaka yote mawili siku moja, unazidisha. Hamsini na sita kwa mia."

Kobia akacheka. "Hamsini na sita? Mdosi, hata shule sikuwahi kupata hizo."

"Nyamaza." Kaburu aliutazama ubao. "Hiyo ni kurusha sarafu tu. Mimi sirushi sarafu na maisha yangu. Na siku ya mvua je?"

Chaki ya Wawira ikasimama.

"Ikinyesha karao hawatoki kituoni," Kaburu aliendelea. "Na watu wanajifungia. Hapa Majengo ikinyesha hata paka huoni. Weka tisa kwa kumi huku, tisa kwa kumi huku."

"Themanini na moja kwa mia."

"Hiyo sasa ni hesabu."

Sikiza vizuri hapa, maana kila kitu kilianzia hapa. Mwalimu wa takwimu kabla hajazidisha chochote huuliza swali moja: hizi siku kumi zilichaguliwa vipi? Wawira aliliuliza, tena kimzaha. "Kobia, mvua ikikupata huko ulikuwa unajikinga wapi?"

"Mimi ninyeshewe? Siku ya mvua nilikuwa nalala zangu nyumbani. Hiyo barabara ni matope, pikipiki haipandi. Zote kumi ni za jua."

Zote kumi ni za jua. Sampuli nzima haina tone. Na huyu Kaburu amezaliwa Majengo, anajua nyama. Kobia ametoka Maua, anajua miraa, na mwenye miraa akiona wingu hufurahi. Lakini Wawira alilelewa kwa kahawa, kahawa hiyo hiyo ya juu ya Runyenjes. Kule ikishaoshwa huanikwa nje kwenye meza ndefu za waya, na wingu likitishia mlinzi hugonga rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Rimu ikilia kila mtu huacha alichoshika. Anayekama anaacha ng'ombe. Anayekula anaacha sahani. Wote mbio, kufunika kahawa kwa nailoni, kwa sababu ikinyeshewa huoza na jasho la msimu mzima linaenda. Siku ya mvua huwezi kukikuta kiwanda kitupu. Utakikuta na kijiji kizima ndani.

Polisi ni jambo moja, watu ni jambo lingine, na mvua huyagusa yote mawili kila moja kivyake: polisi huwazuia, watu huwaleta. Wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza hufeli hapo kila muhula.

Alimtazama kaka yake. Nyaga alikuwa amekalia kreti ya soda, akichezea funguo za kanta. Alipelekwa Meru kwa mjomba akiwa mdogo, akawa mtu wa bucha. Kama aliikumbuka ile rimu, uso wake haukuonyesha.

Moyo ulimtuma amwambie. Lakini Nyaga alikuwa akimtazama Kaburu vile mtu humtazama baba yake, na Wawira akaumeza ulimi. Alipiga hesabu yake kimoyomoyo. Nyaga ndiye dereva. Rimu ikilia, dereva yuko karibu na mlango, ataruka atoroke. Kaburu atashikwa. Nyaga atarudi nyumbani.

"Alhamisi," Kaburu alisema, akiangalia simu. "Wanasema mvua kubwa."

Alhamisi, saa sita mchana. Embu.

Asubuhi Wawira alikuwa amempigia mama yake, anayekaa chini tu ya kile kiwanda. Kaburu hakujua kuna mama huko, Nyaga hakuwahi kumtaja, na Wawira hakuwa na haja ya kumwambia.

"Mami, leo mmeanika?"

"Tumeanika yote, meza zimejaa. Kwani unataka kuja kusaidia?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Alidhani kazi yake imeishia hapo. Saa sita akatoka darasani, akaikuta kanta imesimama ng'ambo ya lango. Kobia ndiye alikuwa kwenye usukani.

"Ingia," Kaburu alisema. "Hesabu yako ikikosea, uwe hapo uione."

Akakalishwa katikati yao. "Nyaga ako wapi?"

"Nyuma. Yeye ndiye ana mgongo, atapanga magunia."

"Si ulisema ataendesha?"

"Nilisema mengi."

Nyuma ya kanta ya nyama ni boksi la bati lisilo na dirisha. Hufungwa kwa nje, kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa Kaburu.  Barabara yote hadi Runyenjes Wawira alikuwa akitafuta neno la kuwageuza, na kila neno alilolipata lilikuwa la kumfanya Kaburu aulize amelijuaje.

Saa nane kasorobo. Kiwandani.

Wingu lilikuwa jeusi lakini halijaanza. Mzee Njura alikuja kuwapokea, akidhani wamepotea njia. Kobia alimnyang'anya rungu lake, akampiga nalo begani, wakamfunga mikono, wakamtia kitambaa mdomoni, wakamlaza kwenye ofisi. Wakavunja stoo. Kanta ilirudishwa kinyumenyume hadi mlangoni. Kobia na Kaburu wakawa wanatupa magunia, Nyaga anayapanga ndani.

"Wewe kaa hapo mbele," Kaburu alimwambia Wawira. "Ukiona mtu, piga honi."

Akakaa. Matone ya kwanza yakapiga kioo. Akangoja rimu.

Rimu haikulia. Italiaje, na mgongaji amelala ofisini na kitambaa mdomoni? Hilo Wawira hakulihesabu. Alikuwa amecheka kimoyomoyo sampuli ya Kobia, na ya kwake pia ilikuwa na tundu. Watu wa kule chini wamemzoea Njura. Hawainui macho hadi wasikie chuma.

Kaburu alikuja dirishani akifuta jasho. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho Wawira hakuwahi kukiona.

"Umeona? Themanini na moja yako imekubali. Mwalimu, wewe ni dhahabu. Baada ya hii kuna stoo ya makadamia, nataka uanze kunipigia hesabu."

"Ulisema kazi moja. Ulisema Nyaga anarudi nyumbani."

"Arudi akafanye nini? Yeye ako, wewe uko. Tutakula pamoja."

Akarudi kwenye magunia. Wawira akaelewa, na alichokielewa kilikuwa kibaya. Wakishindwa leo, kuna mawe. Wakifaulu leo, hakuna mwisho. Atakuwa akisimama mbele ya ule ubao wa bei hadi siku hesabu imkatae, na siku hiyo Nyaga ndiye atakuwa mbele. Alitaka kulia, akakosa nafasi.

Mti uliotundikwa rimu ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kanta, na ile nondo ya kugongea ilikuwa imeegemezwa pale pale ilipokuwa tangu utotoni mwake. Akafungua mlango polepole. Alisikia Nyaga akiimba ndani ya boksi. Yuko karibu na mlango, alijiambia. Mlango wa nyuma uko wazi. Ataruka.

Akainua nondo akagonga. Akagonga tena. Akagonga hadi mikono ikafa ganzi.

Kule chini milango ikaanza kufunguka.

Kobia alimwangalia tu, mdomo wazi, gunia bado begani. Kaburu alikuwa mwepesi zaidi. Mchinjaji wa miaka mingi, mlango wa nyama hauachwi wazi hata bucha ikiungua. Akausukuma, akapiga kufuli, akaruka mbele. "Endesha!"

"Nyaga!" Wawira alipiga kelele. "Nyaga ako ndani!"

Kobia alitupa gunia, akarukia usukani, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka pale pale kwenye udongo mwekundu, yakachimba shimo, yakazama. Akajaribu tena, yakazama zaidi. Wakati huo watu walikuwa wameshafika langoni na nailoni mabegani, na wa kwanza alikuwa ameshamwona Njura akijiburuta nje ya ofisi. Kaburu na Kobia waliruka, wakaingia kwenye mibuni. Wanaume wachache wakawafuata. Ufunguo wa kufuli ulikuwa umeenda na Kaburu.

Saa nane na dakika kumi.

Njura alifunguliwa, akaichukua ile nondo ya rimu mkononi mwa Wawira. Bega lake moja lilikuwa limening'inia. Vijana walikuwa tayari wameokota mawe, na mmoja alikuwa anafungua kifuniko cha tangi la mafuta ya kanta ili waichome.

"Kahawa kwanza," Njura alisema. "Huyo wa ndani haendi popote."

Basi wakafunika kahawa. Meza baada ya meza, nailoni zikivutwa, mawe yaliyokuwa ya kuua mtu yakitumiwa kukandamiza pembe. Wawira, ambaye hakuna aliyemgusa kwa kuwa ndiye aliyegonga rimu, alisimama mbele ya lile kufuli, maji yakimtiririka, akiiomba mvua isiishe. Meza zikiisha, watu hawa watageuka.

"Wawira?" Nyaga aligonga bati kutoka ndani. "Ni nini? Nani amegonga rimu?"

Kumbe aliikumbuka.

"Ni mimi."

"Ulijua tangu Jumatatu? Kuhusu mvua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia Kaburu."

 

"Ningemwambia," Nyaga alisema.

Mama yao alikuwa amemaliza meza yake. Alikuja akipangusa mikono kwenye leso, akamtazama binti yake, akaitazama kanta, akaona yale magunia yaliyodondoka kwenye matope.

"Asubuhi uliniuliza kama tumeanika," alisema.

"Mami."

"Kuna nani hapo ndani?"

"Ni Nyaga."

 Nyuma ya mama meza ya mwisho ilikuwa inafunikwa na mvua ilikuwa inapungua. Watu wakaanza kuja, bila haraka, wakiokota walichokuwa wameweka chini. Mama akamwendea Njura, akamwomba ile nondo. Njura akampa. Mama alipiga kufuli mara ya kwanza, halikuvunjika. Alipiga hadi likavunjika.

Nyaga alitoka mikono juu, macho yakiumia kwa mwangaza. Mama alimkamata shati kifuani, akamgeuza, akasimama kati yake na watu.

"Huyu ni wangu," alisema. "Ni mwizi, na ni wangu. Ninamshika mwenyewe hadi polisi waje. Anayetaka kumpiga, awe mtoto wa nani, aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Hakuna aliyeondoka pia. Walisimama hivyo, mawe mkononi, hadi gari la polisi lilipopanda likiteleza, limechelewa kwa sababu ya matope. Kaburu alikuwa amebashiri vizuri upande huo mmoja.

Saa tisa na nusu.

Kobia alipatikana mtoni, akiwa bado anapumua. Kaburu hakupatikana. Njura alisema Wawira pia alikuja ndani ya kanta, na pingu zilikuwa haba, kwa hivyo ofisa aliwafunga ndugu wawili kwa moja, mkono wa huyu kwa wa yule, akawapandisha nyuma ya gari. Nyaga aligeuza uso upande wa pili. Kila gari lilipotikisika mkono wake ulivuta wa Wawira, naye hakuomba radhi.

Jua lilikuwa limetoka. Kupitia wavu wa dirisha Wawira aliona watu wamerudi mezani, wakikunja nailoni ili kahawa ipate joto kabla ya jioni. Mama yake alikuwa kwenye meza ya mwisho. Gari lilipompita aliinua kichwa, akalitazama, akainama tena kugeuza kahawa kwa mikono.