Nusu Siku ya Mazishi

Fintan Gaughan alirudi nchini kwao, nyumbani Mayo, baada ya miaka mingi ya kujenga nyumba za watu Uingereza. Alipata kazi katika kiwanda cha jibini, si mbali na kwake. Kila asubuhi mkewe, Attracta, alimfungia mkate wa magadi na siagi, naye akaondoka akipiga mluzi.

Wiki ya kwanza alifariki mzee wa jirani. Fintan aliomba ruhusa ya nusu siku akazike. Msimamizi wake, Sorcha, mwanamke kutoka mji wa Cork, alimjibu, "Nenda tu."

Siku ya mshahara Fintan alirudi bila mluzi. Aliweka karatasi ya mshahara mezani, akavua buti.

"Kulikoni?" Attracta akauliza.

"Yule mama wa Cork amenikata kwa sababu ya mazishi. Zaidi ya robo ya pesa imekwenda."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nikaombeombe jasho langu? Hata kwaheri sikumwambia. Wiki ijayo naacha kazi, narudi Coventry kule Uingereza."

Attracta alikumbuka miaka ile ya kubaki peke yake. Alikuwa amechoka kupika viazi vya mtu mmoja. Alivaa koti, akaenda kumwita Dympna, jirani yao aliyewahi kufanya kazi hotelini.

Dympna alikaa, akanywa chai, akailalamikia mvua. Alipofika kikombe cha pili ndipo alipoivuta ile karatasi.

"Fintan, hapa wameandika umefanya kazi saa ngapi?"

"Thelathini na tisa." Akasita. "Hiyo ni wiki nzima."

"Basi nusu siku yako amekulipa. Sasa soma hapa chini."

"Kodi ya dharura," Fintan akasoma polepole. "Dharura gani? Nani anaumwa?"

"Wewe, kwa kununa. Sikiliza. Kila mfanyakazi ana nafuu yake, yaani sehemu ya kodi anayosamehewa. Lakini Mamlaka ya Mapato haijui kwamba umeanza kazi. Mwajiri asipopata maelekezo yao, sheria inamlazimu akate bila nafuu yoyote. Mimi yalinipata hotelini. Nilimnunia mpishi mkuu mwezi mzima, maskini, hana kosa."

"Lakini namba yangu ya kodi niliwapa kiwandani."

"Ulifanya vizuri. Usingewapa, wangekata zaidi. Ila hii ni kazi yako ya kwanza hapa nchini. Lazima uiandikishe mwenyewe kwa Mamlaka. Ukikaa kimya, baada ya wiki nne makato yanapanda."

"Na zilizokwisha kukatwa?"

"Hazijapotea. Ukijiandikisha, Mamlaka itampelekea mwajiri maelekezo, naye atakurudishia ndani ya mshahara."

Fintan alijikuna kichwa. "Kumbe ningeandikisha siku ile ile niliyoajiriwa."

"Ndivyo inavyotakiwa. Lete simu, fomu yao iko mtandaoni."

Fintan alianza kubonyeza. Dympna akamtazama kidogo, kisha akamnyang'anya ile simu.

"Kidole chako kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Wewe soma, mimi niandike."

Wakajaza jina, namba yake, jina la kiwanda na tarehe aliyoanza kazi. Chai haikuwa imepoa walipomaliza.

Mshahara uliofuata ulikuja kamili, pamoja na kodi iliyorudishwa. Kesho yake Attracta alifunga mikate miwili. Fintan alisimama kwenye mlango wa ofisi ya Sorcha, akamnyooshea mmoja.

"Mke wangu kaoka mwingi mno."

Sorcha aliupokea. "Nilidhani tumegombana."

"Sisi? Hapana. Nilikuwa nafikiria kodi."

"Hukujiandikisha?"

"Nimejiandikisha sasa. Na ile nusu siku, ahsante."

"Mazishi ni mazishi," Sorcha akasema, akaanza kuumega mkate.

Jioni Attracta alisikia mluzi kutoka kwenye kona ya barabara. Akaongeza viazi kwenye sufuria.