Siku ya Tisa ya Hesabu

"Zima hiyo kompyuta, Methodi."

Emerensiana alisimama mlangoni mwa duka lake la kuchapa na kutoa kopi pale Makambako. Vumbi la safari ya kutoka kwao Njombe lilikuwa bado kwenye kitenge chake kipya.

"Ema mpenzi, bado kidogo tu! Siku ya tisa hii. Ikizimwa sasa naanza upya."

"Simu yako iko wapi?"

"Nimeizima tangu jana. Ikiita, kioo cha kompyuta kinatetemeka. Niliogopa itaharibu hesabu."

Msomi mzima! Alikuwa anamalizia shahada ya pili ya fizikia, akikokotoa jinsi atomu na elektroni zinavyokaa ndani ya oksidi ya titani, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba. Kompyuta za chuo zilikuwa na foleni, Ema akampa ya dukani. Siku tisa dada wa watu alirudisha wateja, na mtu anaogopa mlio wa simu!

"Leo ni siku gani?"

"Ya posa. Lakini wazee wangu si wameenda?"

"Walifika kutoka Kichiwa na jembe lao la posa. Wewe uliahidi kukaa kwa shangazi yako, nyumba ya pili kutoka kwetu, ukiitwa uje."

"Nilidhani wazee wanatosha."

"Baba alitaka akuone usoni. Nimepiga simu mara kumi na moja mbele ya watu. Hupatikani! Baba akasema, 'Leo hapatikani. Siku mwanangu akiugua atapatikana?' Wazee wako wakabeba jembe lao wakaondoka. Shangazi yako alikuwa analia."

Methodi akawasha simu. Ujumbe wa Ema ukaingia mmoja mmoja.

"Uko wapi? Baba anakuuliza."

"Mpenzi, pokea tafadhali."

"Basi."

"Ema, twende sasa hivi. Nitampigia baba magoti," Methodi akasema.

"Usiende. Baba aliniuliza mimi kama wakusubiri. Nikasema hapana."

"Wewe?"

"Mimi. Nakupenda, Metho, na moyo unaniuma. Lakini nimechoka kukusubiri."

Methodi akalia kama mtoto, bila aibu. Nyuma yake kompyuta ikamaliza kazi. Hakugeuka. Ema ndiye aliyeona.

"Imesema nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

Methodi akajifuta uso, akasoma.

"Ukiondoa oksijeni moja, zinabaki elektroni mbili ilizokuwa imezishika."

"Zinakwenda wapi?"

"Haziendi. Hii hesabu inaonyesha zimebaki palepale ilipotoka."

Ema akashindwa kujizuia, machozi yakamtiririka. Akamchapia kurasa zote, akazibana pini, akamkabidhi. Kisha akafunga duka.

Mwaka uliofuata Methodi alipata shahada yake. Ema aliolewa na mwalimu wa Matamba. Asubuhi ya harusi, akiwa anasukwa nywele, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Methodi.

"Leo nipo kwa shangazi. Simu iko hewani."

Ema akausoma mara mbili, akaufuta, akamwomba msusi aendelee.